Cusco Kabla ya Njia ya Wainka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekwisha kuamua kwenda Peru kutembea kwa miguu milimani hadi Machu Picchu, na ambaye sasa anajiuliza siku za kukaa mjini Cusco azitumie vipi. Nimefika Cusco mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa siku moja na nusu tu, nikaondoka kuelekea milimani nikiwa na kichwa kizito na bila kujua nilichokipita. Mara ya pili nilikaa siku tano, na njia ileile nikaiona kama njia mpya. Ndiyo maana nasema tangu mwanzo kwamba mji huu si mahali pa kusubiria gari. Barabara za Wainka zilianzia katika uwanja wake mkuu, na anayetaka kuielewa njia ya mlimani inambidi aanzie hapohapo.

Nipange siku ngapi za kukaa Cusco kabla ya kuanza kupanda?

Siku tatu kamili ndizo za chini kabisa, bila kuhesabu siku ya kuwasili, na nne au tano ni bora zaidi. Cusco iko mita 3,399 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atakielewa vizuri kimo hicho akikumbuka kwamba kituo cha Horombo kiko mita 3,720, na kwamba alikifikia siku ya pili, kwa miguu yake mwenyewe, baada ya kulala usiku mmoja Mandara kwenye mita 2,720. Anayekwenda Cusco kwa ndege huondoka Lima, mji ulio kando ya bahari, na baada ya saa moja na ushee anashuka mahali palipokaribia kimo cha Horombo, ilhali mwili wake haujapewa hata usiku mmoja wa kuzoea.

Ipo na sababu isiyohusu mapafu. Katika Njia ya Wainka utapita magofu ya Runkurakay, Sayaqmarka, Phuyupatamarka na Wiñay Wayna, na mwongozaji atakuwa na dakika chache tu za kukueleza kila mahali huku kundi zima likitweta. Aliyekwisha kuzitazama kuta za Cusco kwa utulivu, akifika huko mlimani hutambua mwenyewe ukuta wa hekalu na ukuta wa matuta ya kulimia, na maelezo ya mwongozaji humkuta ameshaandaliwa.

Kwa nini kichwa kinaniuma hata nikiwa nimekaa tu?

Hewa ya Cusco ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Mombasa au Dar es Salaam. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kwenye kimo hicho ni takriban theluthi mbili ya ule wa pwani, na kwa hiyo kila pumzi huingiza mwilini oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea. Mwili hujibu kwa kupumua kwa kasi na kwa kuongeza mapigo ya moyo, na katika siku zinazofuata figo nazo hurekebisha hali ya damu ili upumuaji huo wa kasi uweze kuendelea bila madhara. Kazi hiyo inataka siku, na hakuna namna ya kuiharakisha kwa ushupavu.

Wenyeji huita hali hiyo soroche. Kichwa huuma, hamu ya kula hupotea, kichefuchefu na uchovu huingia, na usingizi hukatikakatika. Mara nyingi dalili huanza saa 6 hadi 12 baada ya kuwasili, ndiyo maana mtu huweza kutamba mchana kutwa kisha usiku ukamkuta ameshika kichwa. Vijana wenye nguvu na wanamichezo hawana kinga yoyote ya pekee, na nadhani wao ndio hupata taabu zaidi kwa kuwa hutembea haraka. Siku ya kwanza pumzika, kunywa maji, kula chakula chepesi, acha pombe kabisa, na ukipanda ngazi panda kwa mwendo wa mtu anayehesabu vidato.

Dawa ya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea mwinuko, na kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kufika juu. Muone daktari nyumbani kabla ya safari badala ya kuinunua kiholela, umweleze kama una mzio wa dawa za salfa, na usishangae ikikufanya ukojoe mara kwa mara na kuhisi ganzi ya kuchomachoma kwenye vidole.

Ni dalili zipi ambazo hazifai kuvumiliwa?

Mtu anayehema sana akiwa amelala au amekaa, anayekohoa bila kukoma na hasa akitoa makohozi yenye povu la waridi, huenda maji yanaingia kwenye mapafu yake. Mtu anayeyumba kama mlevi, asiyeweza kutembea kwenye mstari ulionyooka, au anayeanza kuchanganyikiwa katika maneno, huenda ubongo wake unavimba. Hali hizi mbili huua. Tiba iliyo muhimu kuliko zote ni kumshusha mgonjwa mara moja, hata kama ni usiku, na kumfikisha hospitalini. Mjini Cusco zipo hospitali na kliniki zilizozoea wagonjwa wa mwinuko na zenye oksijeni. Huko njiani msaada uko mbali, kwa hiyo anayeondoka mjini kichwa kikiwa bado kinamuuma anajitia hatarini kwa hiari yake.

Nina selimundu, au nina vinasaba vyake. Je, niende?

Swali hili halimo katika vitabu vingi vya wasafiri, lakini kwa wasomaji wa Afrika Mashariki lina uzito mkubwa, kwa hiyo nalijibu bila kuficha. Mwenye ugonjwa wa selimundu hapaswi kwenda kwenye mwinuko huu bila ushauri wa daktari bingwa, kwa sababu upungufu wa oksijeni ndio unaozipinda chembe za damu na kuleta maumivu makali. Hata mtu mwenye vinasaba vya upande mmoja, ambaye nyumbani haumwi chochote, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu sana, na visa vya namna hiyo vimekwisha kuripotiwa. Kama hujui hali yako, pima damu kabla ya kulipia safari. Maumivu makali ya ubavu wa kushoto, juu ya tumbo, yachukuliwe kuwa dharura.

Chai ya koka inasaidia kweli, na je, ni halali?

Nchini Peru majani ya koka ni halali, na karibu kila hoteli ya Cusco huweka birika la maji ya moto na bakuli la majani hayo kwa ajili ya wageni. Huchangamsha kidogo na hupoza tumbo, lakini hayachukui nafasi ya mapumziko. Kwa watu wa milima ya Andes jani hili ni kitu cha heshima: huchaguliwa majani matatu mazima, yakapangwa pamoja kama upepeo mdogo na kuitwa k'intu, kisha mtu huyapulizia akielekea milima mikubwa, ambayo huitwa apu. Ukipewa k'intu, pokea kwa mikono miwili.

Usirudi nalo nyumbani hata pakiti moja ya chai. Katika nchi nyingi, zetu zikiwamo, jani hilo limo katika orodha ya dawa za kulevya, na kikombe kimoja tu huweza kuonekana katika kipimo cha mkojo, jambo linalowahusu hasa mabaharia, madereva na wanamichezo wanaopimwa kazini.

Je, ni bora kulala kwanza Cusco au katika Bonde Takatifu?

Kwa mtu anayetoka pwani moja kwa moja, ni bora kutoka uwanja wa ndege na kuteremka siku hiyohiyo hadi bondeni, ambako Ollantaytambo iko takriban mita 2,800 na Pisac chini kidogo ya mita 3,000. Lala huko usiku wa kwanza na wa pili, kisha panda kurudi Cusco ukiwa umekwisha kuanza kuzoea. Utaratibu huu una faida nyingine, nayo ni kwamba Ollantaytambo bado ina vichochoro na mifereji ya maji iliyopangwa na Wainka, na watu wanaishi ndani yake hadi leo. Anayetoka Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800, ana afadhali ndogo tu, tena siku za kukaa Lima humpunguzia hata hiyo.

Mji huu ulikuwa nini hasa?

Ulikuwa makao makuu ya Tawantinsuyu, jina la Kikechua lenye maana ya pande nne zilizo pamoja. Pande hizo ni Chinchaysuyu, Antisuyu, Collasuyu na Cuntisuyu, na barabara zake zote nne zilitokea katika uwanja uitwao Haukaypata, ambao leo ni Plaza de Armas. Mwanahistoria Inca Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa hapahapa mwaka 1539 na mama wa ukoo wa kifalme wa Kiinka na baba Mhispania, aliandika kwamba jina Cusco maana yake ni kitovu. Mtandao wa barabara za Wainka, Qhapaq Ñan, una zaidi ya kilomita 30,000 na ulipita katika nchi ambazo leo ni sita. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, wakati mji wenyewe na Machu Picchu vilikuwa vimeingizwa tangu mwaka 1983.

Mtawala Pachakuti, katika karne ya 15, ndiye anayehesabiwa kuwa aliujenga upya mji kwa mawe na kuanzisha upanuzi wa milki. Wahispania wakiongozwa na Francisco Pizarro waliingia Novemba 1533, miezi michache baada ya kumuua Atahualpa, mtawala wa Wainka. Mwaka 1536 mtawala Manco Inka aliuzingira mji kwa jeshi kubwa na nusura aurudishe mikononi mwa watu wake. Katika uwanja ule ule mkuu walinyongwa au kukatwa vichwa viongozi waliokataa kutawaliwa: Túpac Amaru wa kwanza mwaka 1572, na mwaka 1781 Túpac Amaru wa pili pamoja na mkewe Micaela Bastidas, ambaye ndiye aliyeendesha sehemu kubwa ya mipango ya uasi wao. Leo watalii hukaa kwenye mabenchi ya uwanja huo wakila aiskrimu. Kaa nawe, lakini ukijua umekaa wapi.

Kuta za mawe zitazamwe vipi? Kwangu zote zinafanana.

Hazifanani, na swali hili ndilo ninalopenda kulijibu kuliko mengine yote.

Nenda katika kichochoro cha Hatun Rumiyoc asubuhi mapema, kabla ya makundi ya watalii. Mara yangu ya kwanza nilipita hapo nikielekea mtaa wa San Blas, nikaishiwa pumzi, nikachutama kando ya njia ili moyo utulie. Macho yangu yakawa sawa na kiungo cha mawe mawili. Jua lilikuwa linapiga ukuta kwa ubavu, na nikaona kwamba kila jiwe limevimba katikati kama mto wa kulalia na kuteremka kwenye kingo zake, hivi kwamba kila kiungo kimetumbukia ndani kikawa mstari mwembamba wa kivuli. Chini ya baadhi ya mawe palikuwa na vinundu viwili vidogo vilivyoachwa bila kusawazishwa, ambavyo wengi husema vilisaidia katika kuyanyanyua na kuyakalisha mawe hayo mahali pake. Ndani ya mstari ule hapakuwa na udongo wala chokaa.

Sisi wa pwani tumezoea nyumba za matumbawe za Lamu na Unguja, ambamo jiwe la kila umbo hushikwa na chokaa, na chokaa ndiyo inayoufanya ukuta kuwa kitu kimoja. Fundi wa Cusco alifanya kinyume. Alilichonga kila jiwe kulifuata lile lililokwisha kukaa, akiligonga kwa jiwe jingine gumu zaidi kwa kuwa hakuwa na chuma, akalijaribu, akaliondoa, akaligonga tena. Ndiyo maana jiwe maarufu la ukuta huo lina pembe 12, kila moja ikiwa imelingana na jirani yake. Usiliguse, lina ulinzi, na mwaka 2025 mtu mmoja aliligonga kwa kifaa cha chuma na kuliachia makovu yasiyofutika.

Kisha nenda kichochoro cha Loreto, kando ya Plaza de Armas, utazame ukuta wa Acllahuasi, nyumba ya wanawake wateule. Huko mawe ni ya mstatili na yamepangwa kwa safu zilizonyooka. Kuta za mpangilio huo zilijengwa mahali pa heshima kubwa, hasa mahekalu na nyumba za wakuu, na za mawe ya pembe nyingi zikatumika pia pale palipohitaji kubeba uzito, kama kuta za kuzuia udongo. Angalia vilevile kwamba ukuta wowote wa Wainka huinamia ndani kidogo na milango yake ni mipana chini, myembamba juu. Mambo hayo yote mawili husaidia wakati wa tetemeko. Ukiwa na alama hizi tatu, yaani aina ya mpangilio, mwinamo na umbo la mlango, utaweza kulisoma gofu lolote utakalolikuta njiani, ingawa huko Machu Picchu jiwe ni matale, na hapa mjini ni jiwe la volkano lililoletwa kutoka machimbo kama Rumiqolqa, takriban kilomita 35 kutoka mjini.

Kama nina nafasi ya sehemu mbili tu ndani ya mji, nichague zipi?

Chagua Qorikancha na jumba la Casa Concha.

Qorikancha lilikuwa hekalu kuu la Jua, na kuta zake zilipambwa kwa mabamba ya dhahabu ambayo Wahispania waliyang'oa mwaka 1533 kwa ajili ya fidia ya kumkomboa Atahualpa waliyekuwa wamemteka. Baadaye Wadominiko, watawa wa Kikatoliki, walijenga kanisa na nyumba yao ya watawa juu yake. Tetemeko la mwaka 1650 liliubomoa mji, na la tarehe 21 Mei 1950 likaangusha sehemu kubwa ya majengo ya watawa, lakini vyumba vya Wainka vilivyokuwa vimefunikwa ndani vikabaki vimesimama na kuonekana tena. Simama nje, upande wa bustani, uutazame ukuta mweusi uliopinda kama upinde, ambao kanisa limeukalia juu.

Casa Concha ina vitu ambavyo mvumbuzi Mmarekani Hiram Bingham alivichimba Machu Picchu na kuvipeleka Chuo Kikuu cha Yale, vikakaa Marekani karibu karne nzima hadi vilipoanza kurudishwa mwaka 2011. Ni vyungu, mifupa, pini za shaba na zana za kazi. Ukiviona kabla ya kupanda, mji ule wa mawe utakapokuja kuuona utakuwa tayari na watu ndani yake.

Ikibaki saa moja, ingia kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1560 na kuendelea kwa karibu miaka mia, ukatazame mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata, ambapo mbele ya Yesu kumewekwa sahani ya mnyama wa kuchoma wa Andes, afananaye na simbilisi.

Ni matembezi gani ya mjini yatakayoniandaa kwa mlima?

Siku ya pili tembea tambarare tu, kati ya Plaza de Armas, Qorikancha na soko la San Pedro. Siku ya tatu panda ngazi za San Blas, mtaa wa mafundi, ukaone mimbari ya mti wa mwerezi katika kanisa lake. Siku ya nne chukua basi dogo au teksi hadi Tambomachay, ambako maji ya chemchemi yameongozwa na Wainka katika mifereji ya mawe kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,700, kisha rudi mjini kwa miguu ukiteremka kupitia Puka Pukara, Qenqo na Sacsayhuamán. Ni mwendo wa nusu siku hivi. Mapafu yatazoea kimo, na viatu vipya vitakuambia mapema mahali vinapobana.

Tenga muda wa kutosha Sacsayhuamán. Kuta zake tatu za mkunjo wa meno ya msumeno zina mawe ya chokaa ambayo makubwa yake hukadiriwa kuzidi tani 100, na hapo ndipo vita vikali vya mwaka 1536 vilipopiganwa. Kila tarehe 24 Juni hufanyika hapo sherehe ya Inti Raymi, na wiki hiyo vyumba vya kulala mjini hujaa na bei hupanda.

Tiketi za sehemu za kale hupatikanaje?

Iko tiketi moja ya pamoja, Boleto Turístico, inayofungua sehemu 16 kwa muda wa siku 10, zikiwamo Sacsayhuamán, Qenqo, Pisac na Ollantaytambo. Kanisa kuu, hekalu la Qorikancha na Casa Concha zina viingilio vyao.

Nile nini, na wapi?

Soko la San Pedro, lililofunguliwa mwaka 1925, ndilo jibu la kwanza. Wanawake wa supu wamepanga masufuria yao kwa safu, na supu ya kwinoa, mbegu za Andes zinazopikwa kama nafaka, au ya kuku wa kienyeji ndiyo chakula kinachokubalika zaidi na tumbo la mtu wa siku ya kwanza. Tazama pia magunia ya viazi, na hasa chuño, viazi vidogo vilivyokaushwa kwa kuachwa nje usiku wa baridi kali, kukanyagwa kwa miguu ili maji yatoke, na kuanikwa juani. Viazi hivyo hukaa miaka bila kuoza, na ghala zilizojaa akiba ya namna hiyo ndizo zilizolisha majeshi na wajenzi wa Tawantinsuyu. Usinywe maji ya bomba, saladi mbichi ziache hadi utakaporudi kutoka mlimani, na pochi iweke mfuko wa mbele.

Je, nipande Mlima wa Rangi wakati ninasubiri?

Kwa maoni yangu hapana. Mlima huo, uitwao Vinicunca, umezidi mita 5,000, na makampuni huwapeleka wageni huko hata siku yao ya pili. Kampuni niliyoitumia safari yangu ya kwanza ilinihimiza hivyo, nikarudi nikitapika ndani ya basi, na matembezi yenyewe nikayaanza nikiwa sijapona. Ukitaka kuuona, uweke baada ya Machu Picchu.

Kibali cha Njia ya Wainka hupatikanaje, na nikikosa nifanyeje?

Njia hii ya siku 4, yenye urefu wa kilomita 43 hivi, haiingiwi bila kampuni iliyosajiliwa. Watu 500 tu huruhusiwa kuianza kwa siku, na idadi hiyo inajumlisha waongozaji na wapagazi, kwa hiyo nafasi za wageni ni kama 200. Vibali vya miezi ya kiangazi huisha miezi mingi kabla. Jina na namba ya pasipoti havibadilishwi, na anayepata pasipoti mpya kati ya kulipia na kusafiri aijulishe kampuni mapema na aibebe ile ya zamani pia. Februari njia hufungwa kwa matengenezo kutokana na mvua.

Sehemu ya juu kabisa ni kipito cha Warmiwañusqa, mita 4,215, siku ya pili. Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430, chini sana kuliko Cusco, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Aliyekosa kibali ana njia ya Salkantay, inayopita chini ya mlima wa mita 6,271 na kuvuka kipito cha takriban mita 4,600. Mandhari yake ni makubwa zaidi na magofu ni machache, na bado tiketi ya Machu Picchu inunuliwe mapema kwa kuwa idadi ya wageni kwa siku ina kikomo.

Nitajuaje kama kampuni inawatendea wapagazi haki?

Uliza maswali yaleyale ambayo mtu mwadilifu huuliza kabla ya kupanda Kilimanjaro. Mzigo wa mpagazi mwanamume kisheria ni kilo 20 na hupimwa kwenye vituo vya ukaguzi. Uliza kama wana bima, wanalala wapi, wanakula nini, na kama wanapewa viatu na nguo za mvua. Wengi wao ni wakulima wazungumzaji wa Kikechua kutoka vijiji vya milimani. Kampuni inayojibu kwa mkato au kukasirika, iache. Bahashishi wape wenyewe mkononi, kwa noti ndogo za soli, fedha ya Peru, ulizozibadilisha ukiwa mjini, na uwaambie sulpayki, yaani asante.

Niende msimu gani na nibebe nini?

Mei hadi Septemba ni kiangazi. Mchana jua ni kali na usiku wa Juni na Julai baridi hukaribia kuganda. Januari na Februari mvua ni nyingi. Beba nguo za tabaka, koti la mvua, kofia pana na krimu ya kukinga jua, maana kwenye kimo hiki jua huunguza hata ngozi nyeusi. Fimbo za kutembelea zinaweza kukodiwa mjini, nazo ziwe na vifuniko vya mpira ili zisichubue mawe ya njia. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiweke pamoja na pasipoti, kwa sababu Peru imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo na utaulizwa ukirudi nyumbani.

Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka nifanye nini?

Kula mapema na kidogo. Pima begi utakalomkabidhi mpagazi, ambalo kwa kampuni nyingi lisizidi kilo 7 pamoja na begi la kulalia, na mzigo uliobaki uache hotelini kwa stakabadhi. Pasipoti halisi iwe katika begi lako dogo, si nakala. Tembea mara moja kuzunguka Plaza de Armas taa zikiwa zimewaka, ujipime: kama huhemi na kichwa hakiumi, mwili umekubali. Basi litakuja alfajiri, likuteremshe hadi Ollantaytambo kwa kifungua kinywa, kisha Piscacucho, mahali paitwapo kilomita 82 kwa kuhesabu reli inayotoka Cusco. Askari wa hifadhi atalinganisha jina lako na pasipoti na kugonga muhuri, nawe utavuka daraja la Mto Urubamba na kuianza njia.